Vifungo vya Bosi

Jumatatu, tarehe 3

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele kuna mabega na viuno vya watoto wa shule nzima. Huku nyuma nitajaa mimi. Baba Bosi ameondoka asubuhi na lori la saruji, na kabla ya kupanda amenipa habari aliyoificha wiki nzima kama mtu anayeficha jipu: mama yake anakuja kukaa nasi mpaka sare za shule ziishe. Nikamjibu, vizuri. Aliposikia nilivyolitamka hilo "vizuri" akaenda kukagua matairi.

Bosi ni mwanetu. Ana miezi minne, na jina zuri tu kwenye cheti, ila tangu azaliwe hakuna aliyekula, kulala wala kwenda msalani bila ruhusa yake, basi jina hilo likamganda. Kitanda chake kiko kando ya cherehani. Nilishona naye tumboni mpaka siku ya uchungu, kwa hiyo halali mpaka asikie nakanyaga. Wenzangu huimba, mimi nashona.

Mvua imeanza leo. Si kubwa, lakini imeanza kwa utulivu wa mgeni aliyekuja na mizigo yake yote.

Jumanne, tarehe 4

Nimepima darasa la kwanza lote sebuleni, Bosi mgongoni. Makamasi kila kona. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni na mwavuli wake, akaniuliza mashati yatakuwa tayari lini, kisha akaniuliza tena kwa maneno mengine.

Jumatano, tarehe 5

Mama mkwe amefika. Sikio moja halisikii kabisa na la pili linachagua. Ni mwembamba, ana hatua nyepesi, unageuka unamkuta nyuma yako. Tulisalimiana vizuri, akaulizia afya ya kila mtu, akaenda moja kwa moja penye kitanda cha Bosi.

Hakumbeba. Hilo ndilo limenikaa moyoni. Kila anayeingia nyumba hii humnyanyua, humrusha, humtania. Yeye alisimama tu akamtazama, mikono nyuma, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto. Bosi naye alimtazama. Kisha mama mkwe akauliza atalala wapi.

Ijumaa, tarehe 7

Mashati hayakauki. Nimefua yale yaliyochafuka kwenye matope, nikayatundika ndani kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, meupe yote, ya watoto wadogo. Upepo ukipita chini ya mlango yanajaa kifuani, halafu yananywea. Yanajaa, yananywea. Nimeyapa mgongo ndipo nikaweza kushona.

Jumapili, tarehe 9

Bosi kapiga chafya. Mvua.

Jumatatu, tarehe 10

Pua imeziba. Ananyonya kidogo, anaachia, analia, anarudi. Nimekasirika na nimejua wa kumkasirikia: mikono ya mama mkwe ni ya baridi, na alishuka kwenye basi akiwa amelowa. Nilifunga tu madirisha kwa nguvu, kila mtu asikie, hata yeye.

Jumanne, tarehe 11

Tumekwenda zahanati, mimi na mama mkwe na Bosi ndani ya kanga mbili. Nesi kijana, anaongea haraka kama anakimbizwa. Kasema ni kirusi cha njia ya hewa, kimeenea mjini kote, wakubwa kinawapa mafua tu lakini wachanga kinawashukia kifuani. Hakuna dawa ya kukiua. Nimtie matone ya maji ya chumvi puani, nimvute makamasi, nimnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, niangalie nepi kama zinalowa. Akamvua Bosi shati akasema mengine, huku akionyesha kwa kidole. Mimi nilikuwa naangalia ukutani, kwenye picha ya tumbo la binadamu. Siwezi kumwona mwanangu akiwa uchi kwenye meza ya chuma. Niliitika, ndiyo, ndiyo, nimeelewa.

Mama mkwe hakusikia lolote, nina hakika. Alikuwa amekodolea macho mkono wa nesi tu.

Nimempigia Baba Bosi. Yuko ng'ambo ya mto, daraja limefungwa, malori yamepanga foleni. Akaniuliza kama mama yake ananisumbua. Nikasema hata hanisemeshi.

Jumatano, tarehe 12

Nimeona jambo leo na nitaliandika hata kama ni la kijinga.

Nilikuwa napiga pindo, Bosi amelala. Pindo ni kazi ndefu, mguu unakwenda wenyewe, macho yanazurura. Yakaenda kwake. Anapumua na cherehani. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Nikipunguza, anapunguza. Nikasimamisha mguu ili nihakikishe, na pumzi yake ikasimama. Si kwa muda mrefu. Ikasubiri. Chumba chote kikasubiri, hata mashati kwenye kamba. Nikakanyaga, akavuta.

Nikajaribu tena. Hivyo hivyo.

Tangu hapo sijaacha kushona ila kwa kumnyonyesha. Nimeshona zaidi ya anavyotaka Mwalimu Mkuu. Nikienda msalani nakimbia.

Jambo la pili. Nilipomnyanyua jioni nilikuta shati lake liko wazi, vifungo vyote, kuanzia shingoni mpaka kitovuni. Nyumba ina baridi ya kisima. Nilivifunga mwenyewe mchana. Mama mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti.

Alhamisi, tarehe 13

Vifungo tena, asubuhi. Vifungo tena baada ya chakula. Nilikwenda jikoni kuchemsha maji, muda wa maji kuchemka tu, nikarudi nikakuta kifua cha mtoto kiko wazi kama mlango wa duka. Nilimuuliza mama mkwe kwa sauti ya juu kama anasikia joto ndani humu. Akatikisa kichwa, akasema neno, lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani na mguu umeshaanza. Nikamwambia, baadaye, Mama. Hakurudia.

Yeye kila nikigeuka amesimama pale penye kitanda. Nikifungua mdomo ananyoosha kiganja, niwe kimya. Mtu asiyesikia anataka kimya cha nini? Shingo ameinamisha, haangalii uso wa mtoto. Anaangalia chini ya uso. Jirani wa juu aliniambia zamani kwamba wapo wazee wanaokaa na mgonjwa wakisubiri, na wewe hujui wanasubiri nini. Nilimcheka siku ile.

Nimefanya kitu kimoja cha kifundi. Nimetoa vifungo vyote kwenye shati la Bosi, nikalishona likiwa mwilini mwake, kuanzia shingo mpaka chini, mshono wa mkono, mfupi mfupi. Nilimwekea kidole changu chini ya kitambaa ili sindano isimguse. Hakuamka. Sasa tuone.

Ijumaa, tarehe 14

Uzi umefumuliwa.

Haukukatika. Umefumuliwa kifundi, mshono baada ya mshono, na vipande vyote vimeviringwa kuwa kidonge kidogo cheupe kilichowekwa kwenye ukingo wa dirisha. Katika nyumba hii fundi ni mmoja. Kwa dakika nzima niliamini ni mimi, kwamba mikono yangu inafanya kazi ninaposinzia, kama mguu unavyofanya.

Kisha nikafungua droo ya cherehani nikakuta wembe wangu wa kufumulia haupo.

Nimempigia Baba Bosi nikamwambia aje amchukue mama yake. Akauliza amefanya nini. Ungesemaje? Kwamba anamfungua mtoto vifungo? Akasema nivumilie, daraja litafunguliwa kesho kutwa, na akacheka kidogo kwa woga, akasema mama yake aliapa kwamba safari hii atakaa kama sanamu.

Amekaa kama sanamu, nikamwambia. Nikakata simu.

Nimelishona tena. Safari hii kwa uzi mzito wa mifuko, mara mbili, kwenda na kurudi.

Jumamosi, tarehe 15

Siko nyumbani. Naandika kwenye benchi, kwa kalamu ya kuazima. Mkono wa kulia una bandeji, herufi zitanisamehe.

Asubuhi nilifurahi. Hilo liandikwe kwanza. Bosi aliamka bila kulia. Nilimpa ziwa, akaligusa kwa mdomo akageuza uso, akalala tena. Nikasema kumekucha, amepata usingizi, ugonjwa unaondoka. Nepi ilikuwa kavu nikafurahi na hilo pia, moja ya kufua imepungua. Nikakaa kwenye cherehani nikakanyaga. Mvua ilikuwa kubwa mno, mchana ukawa wa rangi ya maji machafu, na mashati yakawa ndiyo taa pekee chumbani. Nikakanyaga taratibu ili apumue taratibu, lakini safari hii hakunifuata. Alikwenda mbio. Ikabidi mimi nimfuate yeye. Mguu ukawa mbio mpaka paja likaniwaka moto. Uzi wa chini ulikwisha na sikusimama kuubadilisha. Sindano ikawa inatoboa tu, mstari mrefu wa matundu kwenye mkono wa shati la mtoto wa watu.

Mama mkwe alikuja akasimama mbele yangu. Alisema, "Simamisha hiyo." Nilimsikia safari hii. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa na hakika kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikiutoa mguu pale mwanangu ataacha.

Halafu mguu ukakamaa. Mishipa ilijikunja, nikaanguka upande na kiti, nikajikuta sakafuni nikiminya shavu la mguu na kulia kwa maumivu. Cherehani ikajizungusha kidogo, ikanyamaza.

Ndipo nikasikia uzi unakatika. Sauti ndogo, kavu, tap, tap, naijua kuliko sauti yoyote duniani. Nikanyanyua kichwa. Mama mkwe alikuwa ameinama juu ya kitanda, mgongo umenielekea, kiwiko kikicheza. Nikasimama kwa mguu mmoja. Wembe wangu ulikuwa kati ya vidole vyake, na ukali wake ulikuwa kwenye kifua cha Bosi.

Nikaudaka. Sikushika mkono wake, nilishika wembe wenyewe, na sikusikia maumivu yoyote. Nikamuuliza anataka kumfanya nini mwanangu. Hakupigana. Aliuachia mara moja, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, ile ya baridi, akanigeuza uso kwa nguvu kama unavyomgeuza mtoto anayekataa dawa.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mtazame yeye. Hapa."

Shati lilikuwa limefunguka nusu. Nikatazama. Chini ya mbavu zake nyama ilikuwa inazama ndani kila alipovuta, inazama kabisa, kama kitambaa kinavyojikunja ukivuta uzi wa marinda. Na juu, penye kishimo cha koo, vivyo hivyo. Pua inapanuka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Na kwa kuwa cherehani ilikuwa imenyamaza nikasikia kitu kingine: kila mwisho wa pumzi alikuwa anaguna. Ng. Ng. Ng. Sauti ndogo ya mzee anayebeba gunia. Sijui alianza lini. Nilikuwa nimeifunika kwa kushona kwangu.

Hakuwa amepata usingizi. Alikuwa amechoka kulia.

Sikumbuki nilivyomfunga. Nakumbuka nilivuta shati kutoka kwenye kamba nikamzungushia, na mama mkwe alishafika mlangoni, na mlangoni alisimama Mwalimu Mkuu na mwavuli, amekuja kuuliza habari za sare. Mama mkwe akamuuliza kama ana gari. Mwalimu Mkuu akaanza kueleza kwamba shule inafunguliwa karibuni na wazazi wanamsumbua.

"Sikusikii," mama mkwe akamwambia. "Una gari?"

Alikuwa nalo. Tukaingia nyuma. Kati yangu na Bosi palikuwa na damu, nyingi, kwenye shati jeupe, na mimi nilidhani ni yake, nikawa namgeuzageuza nitafute ilipotoka, mpaka mama mkwe akakishika kiganja changu akakikunja.

Wamemwekea oksijeni puani na mrija wa maziwa. Daktari kasema tumefika kwa bahati, jioni tungefika na hadithi nyingine. Kila nikipiga mguu chini daktari ananiangalia, na mimi sijui kama naupiga. Mama mkwe ameuwekea mguu wangu mkoba wake juu ili utulie.

Jumapili, tarehe 16

Bado.

Jumatatu, tarehe 17

Bado. Mvua haisikiki huku ndani. Hakuna kinachosikika ila mashine yao, na hii sikanyagi mimi.

Jumanne, tarehe 18

Wamepunguza oksijeni. Amekojoa, nepi nzito kabisa, nikaibeba kumwonyesha mama mkwe kama hati ya nyumba. Tukacheka wote wawili kama wendawazimu, na kicheko kilipokwisha tulikuwa tumekaa karibu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Niliuliza kwenye sikio linalochagua, na lilichagua kusikia. Akasema mwanawe alimwomba kwa machozi asiniingilie, kwamba mimi ni mkali na nina njia zangu. Na mara alizojaribu nilikuwa nakanyaga. Akasema yeye hawezi kusikia kifua cha mtoto, kwa hiyo hana njia ila kukiona. Nesi alionyesha chini ya mbavu kwa kidole na yeye alipashika akilini. Hakutaka kuniamsha wala kunigombeza, basi akawa anafungua, anatazama, anasubiri kuona kama panazama. Kile kiganja alichokuwa akininyooshea hakikuwa cha kuninyamazisha. Alikuwa ananizuia nisimpite mbele nikamzibia mwanga.

Kisha akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Nilikuwa na mwingine kabla ya mumeo," akasema. "Kikohozi hiki hiki, mvua hizi hizi. Palikuwa na baridi, nikamfunika. Nilimfunika vizuri sana."

Mume wangu hajui. Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Nililia pale pale kwenye benchi, nikamwomba radhi kwa yote niliyomfikiria, na mengine hata sikuweza kumtajia. Akasema tu kwamba ule mshono wa pili, wa uzi wa mifuko, ulikuwa mzuri, umempa kazi.

Alhamisi, tarehe 20

Tumerudi nyumbani. Bosi anakohoa bado, daktari kasema kikohozi kitakaa naye kwa muda, ila ananyonya, na amemkojolea bibi yake shingoni. Ruhusa zetu zote zimeanza kuombwa upya.

Baba Bosi amefika na matope mpaka magotini. Alimbeba mtoto akageukia ukutani ili tusimwone uso.

Jumatatu, tarehe 24

Cherehani nilikuwa nimeifunika shuka. Leo Mwalimu Mkuu amekuja na hata hakuuliza, alisimama tu na mwavuli, na hilo likanishinda. Nikafunua.

Mama mkwe alivuta kiti akakaa upande wa pili wa kitanda. Bosi amelala, shati wazi. Nikakanyaga. Nilianza polepole, nikaongeza, macho kwenye kifua chake. Nikaongeza tena. Halafu nikausimamisha mguu ghafla, na mimi mwenyewe nikaacha kupumua.

Kifua kikaendelea. Kilipanda na kushuka kwa mwendo wake, bila haraka, bila kujali nipo au sipo. Mama mkwe akanionyesha kidole chini ya mbavu: palikuwa tambarare.

Nilishona mpaka jioni. Lakini mashati yaliyokuwa kwenye kamba nimeyashusha yote, nikayakunja kabatini yakiwa na unyevu.

Ijumaa, tarehe 28

Sare zimechukuliwa. Moja ina mkono wenye mstari wa matundu bila uzi. Niliitoa nikaibakiza.

Jumapili, tarehe 30

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Mvua imekatika, barabara inatoa mvuke. Aliniaga mlangoni akanirudishia wembe, ameufunga kwenye kipande cha gazeti. Nilimwambia abaki nao. Akasema kwake hakuna wa kufumuliwa.

Mchana niliweka chakula motoni nikaenda kumtazama Bosi. Kwa muda kidogo tu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, hakuna mvua, hakuna cherehani. Nikafungua vifungo, kile cha shingo, cha pili, vyote. Nikaweka mikono nyuma, nikainamisha shingo. Sijui nilisimama hapo kwa muda gani.

Baba Bosi aliingia kutoka kuosha lori, akaanza kusema kitu. Nikanyoosha kiganja. Akasimama pale pale mlangoni, na nilipomgeukia nilimwona usoni hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi, ya mtu aliyemkuta asiyemjua nyumbani kwake.

"Unamfanya nini?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Nikamwita asogee asizibe mwanga. Alikuja kwa hatua fupi. Nikashika kidole chake, kilichokuwa bado kimelowa, nikakielekeza chini ya mbavu bila kumgusa mtoto.

"Siyo usoni," nikamwambia. "Hapa."

Akatazama. Kifua kilipanda, kikashuka. Kikapanda. Harufu ya chakula kinachoungua ilitufikia kutoka jikoni, na hakuna aliyekwenda.